Nafasi kwanza, mtu baadaye: kibali cha kazi cha mgeni Tanzania Bara

Mwajiri anayetaka kumleta mtaalamu kutoka nje karibu kila mara huanza na mtu. Amempata, wameelewana mshahara, tiketi inatafutwa, ndipo anapouliza kibali kinachukua siku ngapi. Ofisi ya Kamishna wa Kazi huanza na nafasi. Kazi hii ni kazi gani? Kwa nini Mtanzania wa kuifanya hakupatikana? Nani ataishika mgeni akiondoka? Maswali hayo yakikosa majibu, vyeti vya mgeni viwe vizito namna gani, maombi hayatapita. Katika faili nyingi tulizoona zikirudishwa, mtu aliyeombewa alikuwa na sifa zote. Kilichopungua kilikuwa maelezo ya nafasi.

Sheria yenyewe ni Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni, Na. 1 ya 2015, iliyoanza kutumika Septemba 15, 2015, pamoja na kanuni zake za mwaka 2016. Ilikusanya mamlaka ya kutoa vibali vya kazi mikononi mwa Kamishna wa Kazi, huku kibali cha ukaazi kikibaki kwa Kamishna Jenerali wa Uhamiaji chini ya Sheria ya Uhamiaji, Sura ya 54. Mgeni aliyeajiriwa anahitaji vyote viwili. Kibali cha kazi peke yake hakimpi haki ya kukaa nchini, na kibali cha ukaazi peke yake hakimpi haki ya kufanya kazi. Na sheria hii ni ya Bara. Masuala ya kazi si ya Muungano, kwa hiyo Zanzibar ina sheria yake ya ajira na ofisi yake. Hoteli yenye matawi Arusha na Nungwi isidhani kibali kimoja kinatosha kumhamisha mpishi mkuu kutoka tawi hili kwenda lile.

Madaraja ndiyo yanayowachanganya watu mapema kabisa, kwa sababu herufi zilezile zinatumika na ofisi mbili kwa maana tofauti. Kwa Kamishna wa Kazi, daraja A ni la mwekezaji au mtu aliyejiajiri. Daraja B ni la taaluma zilizotajwa: wataalamu wa tiba na afya, wataalamu wa mafuta na gesi, na walimu na wahadhiri wa sayansi na hisabati. Daraja C ni la taaluma nyingine zote. Daraja D ni la wanaofanya kazi katika shughuli za dini na za hisani zilizosajiliwa, na E ni la wakimbizi. Kwa Uhamiaji, daraja A ni la mwekezaji, B ni la mwajiriwa, na C ni la makundi kama wanafunzi, watafiti, wamisionari na wanaojitolea. Kwa hiyo meneja wa kiwanda anaweza kuwa na kibali cha kazi daraja C na kibali cha ukaazi daraja B, na hapo hakuna kosa lolote.

Tofauti ya B na C kwenye kibali cha kazi inagusa mfuko. Kanuni za 2016 ziliweka ada ya dola 500 za Marekani kwa daraja B na dola 1,000 kwa A na C. Shule inayoleta mwalimu wa fizikia inaomba B. Shule hiyohiyo ikileta mwalimu wa historia au wa muziki inaomba C, hata kama wote wawili watakaa chumba kimoja cha walimu. Kumwingiza mwalimu wa muziki kwenye daraja B ili kupunguza gharama ni kupoteza muda, kwa sababu vyeti vyake vitamwumbua siku faili itakaposomwa.

Baada ya daraja kuna jambo ambalo waajiri hulipuuza kuliko yote: kuthibitisha kwamba mtaalamu wa ndani alitafutwa. Sheria inamtaka Kamishna aridhike kwamba juhudi zote zinazowezekana zilifanyika kumpata Mtanzania. Barua ya mwajiri inayosema tu kwamba "tumekosa" haimridhishi mtu. Kinachoridhisha ni tangazo lenyewe, lenye tarehe na mahali lilipotoka, pamoja na ushahidi kwamba nafasi ilipelekwa pia kwa wakala wa ajira kama TaESA, ule wa Serikali. Ongeza orodha ya walioomba: sifa za kila mmoja, na kilichokosekana kwa lugha ya kazi. "Hana uzoefu wa kutosha" haisemi kitu. "Ana miaka minne kwenye mitambo ya kufungasha ya kawaida, hajawahi kusimamia mtambo wa kujaza chupa bila vimelea" inasema yote.

Tangazo lina mitego miwili. Wa kwanza ni tarehe. Tangazo lililotoka wiki mbili baada ya mkataba wa mgeni kusainiwa linaonyesha wazi kwamba nafasi haikuwa wazi, na hakuna maelezo yatakayolifuta hilo. Wa pili ni sifa zilizoshonwa kumfuata mtu. Ukidai ufasaha wa lugha fulani ya kigeni kwa kazi ambayo haina mteja wala kitabu cha mtambo kwa lugha hiyo, afisa ataona mara moja. Lugha ikiwa inahitajika kweli, mathalani kwa sababu mafundi wa mtengenezaji wa mtambo wanazungumza hiyo tu, iandike sababu hiyo ndani ya maelezo ya kazi.

Maelezo ya kazi nayo yasinakiliwe kutoka kwenye intaneti. Kurasa mbili zinatosha, zikieleza mtu huyu anafanya nini Jumatatu hadi Ijumaa, anaripoti kwa nani, anasimamia wangapi, na anatumia mashine au programu gani. Weka na mchoro wa muundo wa kampuni wenye alama mahali nafasi ilipo. Cheo kikubwa chenye majukumu mepesi huleta maswali. "Meneja wa Shughuli" katika kampuni yenye watu sita ni mfano tunaokutana nao mara kwa mara. Na ziko nafasi ambazo kwa maoni yetu mwajiri afikirie mara mbili kabla ya kuombea: mhasibu wa kawaida, afisa rasilimali watu, mnunuzi, msimamizi wa ghala. Nchi ina Watanzania wengi waliosomea kazi hizo na hawana ajira. Si haki kuwapita, na maombi ya namna hiyo ni magumu kutetea.

Vyeti vya mgeni huchukua muda kuliko mwajiri anavyotarajia. Shahada ya nje hupelekwa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kutambuliwa, stashahada kwa baraza la elimu ya ufundi (NACTVET), na vyeti vya sekondari hulinganishwa na Baraza la Mitihani. Taaluma zenye bodi zinahitaji usajili au barua ya bodi: mhandisi kwa bodi ya wahandisi (ERB), daktari kwa Baraza la Madaktari Tanganyika, mhasibu mwenye jukumu la kitaalamu kwa bodi ya wahasibu (NBAA). Anza huko kwanza, kwa sababu bodi nyingine hukutana kwa ratiba yake na haiendi kwa kasi ya mwajiri. Cheti kisichokuwa kwa Kiingereza au Kiswahili kitafsiriwe na mfasiri anayetambulika, na nakala zithibitishwe na wakili. Wasifu pekee si ushahidi wa uzoefu. Pata barua kutoka kwa waajiri wa zamani zenye cheo na tarehe za kuanza na kumaliza.

Kagua majina. Pasipoti ikisoma majina matatu na shahada ikisoma mawili kwa mpangilio tofauti, andaa hati ya kiapo mapema. Ni jambo dogo, lakini limesimamisha faili nzuri kwa wiki kadhaa.

Kwa upande wa mwajiri, hati ni zilezile za kila ofisi: cheti cha usajili wa kampuni kutoka BRELA, namba ya mlipakodi (TIN), leseni ya biashara iliyo hai, hati ya Mamlaka ya Mapato (TRA) inayoonyesha kwamba kodi zimelipwa, na kibali cha mamlaka ya sekta pale inapohitajika. Leseni iliyokwisha muda ndiyo kasoro ya kipuuzi kuliko zote. Mgeni hana kosa lolote, ila kampuni imesahau kuhuisha karatasi yake.

Mkataba wa ajira ni mahali ambapo karatasi zote hukutana, na ndipo zinapogombana. Cheo kwenye mkataba kifanane neno kwa neno na cheo kwenye maelezo ya kazi, kwenye barua ya maombi na kwenye mpango wa urithishaji, yaani wa kumwandaa Mtanzania atakayeshika nafasi hiyo. Mwajiri kwenye mkataba awe ndiye mwombaji wa kibali. Kampuni mama iliyoko nje mara nyingi husaini mkataba yenyewe, kisha kampuni ya Tanzania inaomba kibali kwa mtu ambaye kisheria si mfanyakazi wake. Suluhisho ni mkataba na kampuni ya hapa, au hati ya kumwazima inayosema wazi nani anamlipa, nani anamwongoza na kwa muda gani. Weka kipengele kinachosema ajira itaanza baada ya vibali kupatikana, usiweke tarehe kamili ya kuanza ambayo huenda ikafika kabla ya kibali. Kibali hutolewa kwa miezi isiyozidi 24 kwa mara moja na huweza kuhuishwa hadi ukomo wa jumla uliowekwa na sheria, hivyo mkataba wa miaka mitatu uandikwe ukijua kwamba katikati yake kuna uhuishaji.

Mshahara uwe mmoja. Kiasi kilichoandikwa kwenye mkataba uliowasilishwa ndicho kinachopaswa kuonekana kwenye orodha ya mishahara na kwenye PAYE, kodi ya mshahara inayolipwa TRA kila mwezi. Baadhi ya waajiri huandika mshahara mdogo huku nyongeza ikilipwa nje. Wanapoomba kuhuisha, ofisi ikiweka mkataba karibu na taarifa za kodi, wanajikuta na tatizo la kodi juu ya tatizo la kibali.

Sasa mpango wa urithishaji. Hapa ndipo tungemwomba mwajiri atumie nusu ya muda wake wote, kwa sababu ndiyo sehemu inayobeba nia ya sheria na ndiyo inayofanyiwa mzaha zaidi. Sheria inamtaka mwajiri awe na mpango unaotekelezeka wa kuhamisha ujuzi wa mgeni kwenda kwa Watanzania. Mpango mzuri unamtaja Mtanzania kwa jina, elimu yake ya sasa, na cheo chake ndani ya kampuni. Kisha unaorodhesha ujuzi alionao mgeni ambao huyu hana, kimoja kimoja. Mbele ya kila ujuzi kuna njia ya kuupata, tarehe, na mtu atakayempima.

Chukua fundi mkuu wa mtambo wa kusindika maziwa. Katika miezi 6 ya mwanzo, mrithi anafanya matengenezo ya kila wiki akisimamiwa, na anajifunza kusoma michoro ya umeme wa mtambo. Kufikia mwezi wa 12 anafanya usafishaji na upimaji wa vipima joto mwenyewe, mgeni akikagua. Kufikia mwezi wa 18 anaongoza matengenezo makubwa ya mwaka, na ikiwezekana amehudhuria mafunzo kwa mtengenezaji. Kuanzia hapo hadi mwezi wa 24 anashika zamu peke yake na mgeni anabaki mshauri. Kila hatua iwe na karatasi: fomu ya tathmini iliyosainiwa na wote wawili, orodha ya mahudhurio, cheti cha mafunzo. Karatasi hizo ndizo zitakazoulizwa wakati wa kuhuisha, wakati ambapo ahadi hazisikilizwi tena na kinachotazamwa ni kilichofanyika.

Mambo yanayoharibu mpango tunayajua kwa kuyaona yakijirudia. Mtanzania mmoja ameandikwa mrithi wa wageni watatu wenye kazi tofauti. Mrithi ni dereva au katibu ambaye hana msingi wa taaluma hiyo, amewekwa ili safu isiwe tupu. Mrithi mwenyewe hajui kwamba ametajwa, na afisa kazi akimwuliza siku ya ukaguzi anashangaa. Au mrithi aliacha kazi mwaka uliopita na hakuna aliyebadilisha hati. Hili la mwisho haliepukiki, watu huhama. Likitokea, teua mwingine mwezi huohuo, andika barua ya kumteua, rekebisha tarehe za mpango, na uweke sababu kwenye faili. Na mlipeni mrithi kulingana na ujuzi anaoupata. Wengi huondoka kwa sababu wamefundishwa kazi ya meneja wakiendelea kupokea mshahara wa msaidizi.

Maombi yenyewe hupitia mfumo wa kielektroniki. Unafungua akaunti ya mwajiri, unajaza taarifa za kampuni na za mgeni, unapakia hati, unapata namba ya malipo, unalipa, unasubiri. Skani kwa rangi, kurasa zote za hati moja ziwe kwenye faili moja, na jina la faili lieleze kilichomo. Pasipoti iliyopigwa picha kwa simu gizani hurudishwa. Barua pepe ya akaunti iwe ya kampuni, wala si ya wakala wala ya mfanyakazi mmoja. Tumeona kampuni zikishindwa kuingia kwenye maombi yao wenyewe kwa sababu wakala amekosana nao au afisa aliyefungua akaunti ameacha kazi, huku swali la ofisi likikaa humo bila kujibiwa. Ingieni kila siku ya kazi. Swali likija, jibuni lililoulizwa, na msipakie upya faili zima.

Kibali cha kazi kikitoka, kibali cha ukaazi hufuata Uhamiaji, na wenzi na watoto huombewa hati zao za utegemezi. Katika kipindi chote hiki mgeni hafanyi kazi. Viza ya matembezi haimruhusu kukaa kwenye dawati, hata kama anasema anajizoeza. Kwa kazi maalumu ya muda mfupi, kama fundi anayekuja kufunga mtambo na kuondoka, ipo viza ya biashara isiyozidi siku 90. Ni njia halali kwa kazi yenye mwanzo na mwisho. Kuitumia kwa meneja wa kudumu, anayetoka na kurudi kila miezi mitatu, ni kujenga ushahidi dhidi yako mwenyewe kwenye mihuri ya pasipoti. Anayeajiri bila kibali na anayeajiriwa wote wanatenda kosa, na adhabu ni faini, kifungo, au vyote viwili.

Raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki wana njia yao chini ya Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010. Mfanyakazi mwenye ajira ya zaidi ya siku 90 anatakiwa kuomba kibali ndani ya siku 15 za kazi tangu kufunga mkataba, na mamlaka inatakiwa kuamua ndani ya siku 30. Lakini kila nchi ilifungua taaluma kwa ratiba yake, na Tanzania ilifungua baadhi tu. Waajiri husikia habari ya "soko huria" wakadhani Mkenya au Mganda hahitaji kibali. Anahitaji.

Wawekezaji nao wanakumbana na jambo jipya. Waliosajili miradi yao ili kupata vivutio vya uwekezaji hupata nafasi za awali za wageni kupitia mamlaka ya uwekezaji, ambayo tangu 2025 ni TISEZA, iliyochukua kazi za Kituo cha Uwekezaji (TIC) na za mamlaka ya maeneo ya uzalishaji kwa ajili ya mauzo ya nje (EPZA). Mwaka huohuo, amri ya Waziri mwenye dhamana ya biashara ilikataza wasio raia kufanya shughuli 15, zikiwemo huduma za fedha kwa simu, ukarabati wa simu, saluni, kuongoza watalii, udalali na kununua mazao shambani. Anayeombea daraja A alinganishe kwanza leseni yake na orodha hiyo kabla ya kulipa chochote.

Kibali kikishapatikana, kazi ya mwajiri inabadilika kuwa ya kalenda. Andika tarehe ya mwisho ya kila kibali, kisha rudi nyuma miezi minne. Hapo ndipo maandalizi ya kuhuisha yanaanza, kwa sababu hati ya kodi, tathmini za mrithi na uthibitisho wa bodi vyote vinahitaji muda. Taarifa za wageni walioajiriwa huwasilishwa kwa Kamishna kila mwisho wa Juni na wa Desemba. Kibali kimefungwa kwa mwajiri na kazi iliyoandikwa, kwa hiyo mgeni akipandishwa cheo, akihamishiwa kampuni dada, au akibadilishiwa majukumu, ofisi ihusishwe kabla ya mabadiliko. Ajira ikikoma, toa taarifa na urudishe kibali. Mwajiri asiyefanya hivyo anaendelea kuonekana kwenye kumbukumbu kama ndiye mwenye mtu huyo, popote alipo.

Maombi yakikataliwa, soma sababu kwa utulivu. Rufaa ipo kwa Waziri, na inafaa pale ushahidi ulikuwepo na haukuzingatiwa. Kama ushahidi haukuwepo, rufaa haitauzaa. Tengeneza faili upya, hasa sehemu ya kutafuta mtaalamu wa ndani na urithishaji, kisha uombe tena.

Kwa ukaguzi, kila kituo cha kazi kiwe na jalada la kila mgeni: nakala za vibali viwili, pasipoti, mkataba, maelezo ya kazi, mpango wa urithishaji na tathmini zake, na uthibitisho wa PAYE na michango ya hifadhi ya jamii. Nakala tu. Pasipoti yenyewe na kibali halisi akae navyo mgeni mwenyewe. Waajiri wengine huvifungia kwenye kabati la ofisi wakisema wanavilinda, na mtu aliyekuja kufanya kazi halali anajikuta hawezi kwenda hospitali, kufungua akaunti ya benki wala kurudi kwao kuzika bila kuomba ruhusa. Afisa akifika na kukuta pasipoti tano kwenye kabati la mwajiri, atakuwa na maswali mengine kabisa, na atakuwa na haki ya kuyauliza.